Wimbo wa Bure Una Mwenyewe: Kwa Nini Wanamuziki Hugawa Kazi Zao

Wimbo mmoja unaweza kula miezi. Kuna kutunga, kuna mazoezi, kuna kulipia studio, kuna prodyuza wa kuuchanganya hadi kila ala isikike mahali pake, na kuna mengine mengi ambayo msikilizaji hayaoni. Ndiyo maana watu hushangaa wanapomkuta mwanamuziki ameuweka wimbo huo mtandaoni na kuandika chini yake: pakua, sikiliza, mpe na mwenzako, hulipi kitu. Wapo wanaodhani hajiamini. Wapo wanaodhani kazi yenyewe ni mbovu, maana tumezoea kukidharau cha bure. Na wapo wanamuziki wenzake wanaomlaumu kwamba anawaharibia soko.

Naamini wote hao wanajikwaa mahali pamoja: wanaichukua "bure" kama kitu kimoja. Anayegawa wimbo hagawi kila kitu. Anachagua cha kuachia na cha kubaki nacho, na uchaguzi huo ndio unaoamua kama atanufaika au ataumia.

Ndani ya wimbo mmoja mna mali mbili

Tuanze na kinachogawiwa, maana hapa ndipo mazungumzo mengi hupotea njia. Wimbo uliorekodiwa hubeba mali mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi, kile ambacho mtu mwingine anaweza kukichukua na kukiimba kwa gitaa lake. Ya pili ni rekodi, sauti yenyewe iliyonaswa studio siku ile. Mwenye utunzi na mwenye rekodi wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. Msanii aliyesaini mkataba na kampuni ya kurekodi mara nyingi hubaki na sehemu ya utunzi wake huku rekodi ikiwa mali ya kampuni. Huyo hata akitamani kuigawa rekodi hiyo bure hawezi, kwa sababu si yake.

Juu ya mali hizo mbili kuna haki kadhaa zinazoweza kutenganishwa: kunakili, kusambaza, kupiga hadharani, kutangaza redioni, kuweka kwenye filamu au tangazo la biashara, kukata kipande na kujengea wimbo mwingine. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, haki za mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusajiliwa popote. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake kwa uchache, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo kila wimbo huanza maisha yake ukiwa umefungwa. Mwanamuziki akinyamaza, sheria humchukulia kuwa hajaruhusu. Anayetaka kugawa inambidi aseme, tena aseme waziwazi anaruhusu nini.

Kwa ajili hiyo zikaja leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Zinampa msanii maneno yaliyokwisha kupimwa kisheria. Anaweza kuruhusu watu wanakili na kusambaza mradi wamtaje jina. Anaweza kuongeza sharti kwamba wimbo usifanyiwe biashara, au usibadilishwe, au kwamba atakayeubadilisha naye aigawe kazi yake kwa masharti yale yale. Anayetaka kuachia haki zote ana njia yake pia, iitwayo CC0. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusema "muziki wangu ni bure" kumbe mmoja ameachia kila kitu, na mwingine ameruhusu kusikiliza na kupeana tu, huku filamu, matangazo na shoo za kibiashara zikibaki mkononi mwake.

Nakala ilipoacha kuwa bidhaa

Kwa muda mrefu mashabiki walidhani wananunua muziki, ilhali walichokuwa wakilipia kwa sehemu kubwa ni kitu kilichoubeba: santuri, kanda, CD. Kukitengeneza kulihitaji kiwanda, kukifikisha kulihitaji magari na maghala, na aliyekitaka hakuwa na njia nyingine. Kaseti iliyoletwa na Philips mwaka 1963 ililegeza kifungo hicho kidogo, maana ilimwezesha mtu wa kawaida kurekodi nyumbani. Halafu mwaka 1999 ikaja Napster, programu iliyowawezesha watu kubadilishana mafaili ya nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mahakama za Marekani ziliibana, na Julai 2001 huduma yake ikazimwa, lakini dunia ilikuwa imeshaona kwamba kuongeza nakala moja ya wimbo hakugharimu chochote.

Kitu kisichogharimu chochote kukiongeza ni kigumu kukiuza kwa bei ya zamani, hata kiwe kizuri namna gani. Ila wimbo hautembei peke yake. Kuna mambo yanayouzunguka ambayo hakuna mashine ya kuyanakili: mwanamuziki mwenyewe akiwa jukwaani, muda wake, sahihi yake, uwezo wake wa kutunga kitu kipya kwa ajili ya filamu ya mtu, na mapenzi kati yake na wanaomfuatilia. Kadiri nakala zilivyozidi kuwa rahisi, ndivyo mambo hayo yalivyozidi kuwa adimu. Wengi wanaogawa nyimbo wanakitumia kile kisicho na gharama kuwavuta watu kwenye kile kisichonakilika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muziki wa zama hizi sikubaliani nao. Nyimbo zinazopakiwa mtandaoni kwa siku moja tu zingemchukua msikilizaji zaidi ya mwezi kuzimaliza hata asipolala, na chema kikikaa kimya humo huzama pamoja na kibaya. Kwa asiyejulikana, mwizi wa nyimbo ni tatizo la mbali sana. Tatizo lake la leo ni kutosikika. Hata malipo anayodhani anayaacha mara nyingi hayapo. Tangu 2024 Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, haihesabu mrabaha wa rekodi (malipo ya mwenye rekodi inapotumika) kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kijana ambaye wimbo wake husikilizwa mara mia tatu kwa mwaka, akiamua kuutoa bure, hajapoteza mshahara. Ameacha sifuri, akachukua nafasi ya kufika kwa watu.

Waliogawa, na walichobakiza

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kabla ya intaneti kuenea. Grateful Dead, bendi ya California iliyoanza mwaka 1965, ilikuwa na mashabiki waliokuja kwenye maonyesho na vinasa sauti. Kwingineko watu wa namna hiyo walinyang'anywa vifaa mlangoni. Bendi hii iliwavumilia, na Oktoba 1984 ikaenda mbali zaidi: ikawatengea eneo lao ukumbini, lenye tiketi zake, wasimike maikrofoni bila kusumbuliwa. Sharti lilikuwa kwamba kanda zibadilishwe, zisiuzwe.

Waliweza kufanya hivyo kwa sababu ya namna walivyopiga muziki. Hawakurudia onyesho. Wimbo ulirefushwa, ukageuzwa, ukaunganishwa na mwingine papo hapo, na usiku wa kesho ukatoka kwa sura nyingine kabisa. Kila kanda ikawa ushahidi kwamba aliyekosa usiku ule amekosa kitu, na kila aliyeipokea kwa posta kutoka kwa shabiki mwenzake akapata sababu ya kutafuta tiketi ya onyesho lijalo. Wakati huohuo albamu za studio ziliendelea kuuzwa, na jina na nembo vikalindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ambayo haikuwa na nyimbo nyingi za kutamba redioni ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi zaidi kwa maonyesho huko Marekani. Waligawa kile tu kilichoongeza hamu ya kile walichouza.

Prince, nyota wa muziki wa Marekani, alifanya jambo la namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Julai 2007 albamu yake mpya ilitolewa Uingereza ndani ya gazeti la Mail on Sunday, karibu nakala milioni 3, bila msomaji kulipa zaidi ya bei ya gazeti. Wenye maduka ya muziki walikasirika, na kampuni iliyotazamiwa kuisambaza nchini humo ikajitoa. Lakini gazeti lilikuwa limemlipa, na mwezi uliofuata alianza mfululizo wa maonyesho 21 katika ukumbi wa O2, London. Msomaji hakulipia albamu. Aliyelipa ni mwingine. Jambo hili hujirudia mara nyingi kuliko tunavyodhani. Chance the Rapper alipotoa Coloring Book mwaka 2016 bila kuuza nakala hata moja, akaja kushinda Grammy ya albamu bora ya rap Februari 2017, wengi waliona ushindi wa msanii asiyegusa fedha. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba Apple ilimlipa dola 500,000 ili albamu isikike kwao pekee kwa wiki mbili za mwanzo.

Radiohead, bendi ya Uingereza, mkataba wao na kampuni ya kurekodi ya EMI ukiwa umekwisha, waliweka albamu ya In Rainbows kwenye tovuti yao Oktoba 2007 na kumwachia kila mtu apange bei, hata sifuri. CD zilipoingia madukani miezi michache baadaye, albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, ingawa aliyeitaka angeweza kuwa nayo tayari pasipo kulipa. Machi 2008 Nine Inch Nails, bendi ya Marekani, wakatoa albamu ya Ghosts I–IV, vipande 36 chini ya leseni ya Creative Commons. Tisa vya kwanza vilipakuliwa bure, vyote 36 viliuzwa dola 5, CD dola 10, na kulikuwa na toleo la kifahari la dola 300, nakala 2,500 tu zenye sahihi ya kiongozi wa bendi, Trent Reznor. Hizo za dola 300 ziliisha ndani ya siku chache, nazo peke yake ni dola 750,000. Leseni ilimruhusu yeyote kunakili albamu nzima na kumpa rafiki yake. Bado watu walinunua, kwa kuwa wanunuzi wengi hawasukumwi na kukosa njia nyingine. Wanataka kumlipa mtu fulani, au kushika kitu mkononi na kujua ni chao.

Hapa kuna pingamizi la haki kabisa: Prince, Radiohead na Nine Inch Nails walikuwa wameshajulikana, na umaarufu huo ulijengwa kwa fedha za makampuni yale yale waliyoyaacha. Anayeanza leo hawezi kuinakili hesabu yao. Nakubali. Ndiyo maana nadhani mifano miwili isiyotajwa sana inamfaa zaidi mwanamuziki wa kawaida.

Kevin MacLeod ni mtunzi wa Marekani anayetengeneza muziki wa kusindikiza picha. Vipande vyake huviweka mtandaoni kwa sharti la kutajwa jina, na asiyetaka kumtaja hulipia leseni nyingine. Watengenezaji video wadogo, walimu, wanafunzi wa filamu na wabunifu wa michezo ya kompyuta waliokuwa hawana bajeti ya muziki wakajikuta na maktaba nzima, na kila video iliyotumia kazi yake ikalibeba jina lake hadi kwa watu asiowajua. Yule mwenye fedha, ambaye jina la mtunzi linamkaa vibaya kwenye tangazo lake, ndiye anayelipa. Mpango huu ni rahisi na wa busara, na hauhitaji mtu awe nyota.

Mpiga kinanda Kimiko Ishizaka alipita njia ya kugeuza wakati wa malipo. Wachangiaji walilipa kwanza, ndipo akarekodi Goldberg Variations, kazi ya kinanda ya mtunzi wa Kijerumani wa kale, Bach, na mwaka 2012 rekodi hiyo ikaachiliwa kwa CC0. Utunzi wa Bach, uliochapishwa mwaka 1741, hauna mwenyewe tena kisheria. Lakini kila mpiga kinanda anayeurekodi leo huzalisha rekodi mpya yenye mwenyewe mpya, na ndiyo maana muziki wa zamani kabisa ulikuwa mgumu kuupata bure kihalali. Ishizaka aliifungua ile mali ya pili, na alikuwa ameshalipwa kabla mtu yeyote hajapakua.

Wasiotafuta fedha

Si kila anayegawa anapiga hesabu. Nyimbo nyingine hutungwa ziimbwe, na mwimbaji anayesimamishwa kuulizwa kama amelipia ni mwimbaji aliyezuiwa kufanya kile wimbo ulichokusudiwa. Nyimbo za ibada, za kufundishia watoto, za kuhimiza kazi na za kudai haki ziko hivyo. We Shall Overcome, wimbo wa wanaharakati wa haki za raia Marekani, uliandikishwa hakimiliki mwaka 1960, na mrabaha wake ulielekezwa kwenye mfuko wa kusaidia jamii za watu weusi Kusini mwa nchi hiyo. Nia ilikuwa njema, lakini wimbo ulikuwa umepokewa kutoka kwa waimbaji wa zamani zaidi, na waliotaka kuutumia kwenye filamu walikwama kwenye ruhusa na malipo. Baada ya kesi mahakamani, Januari 2018 uliachiliwa kuwa mali ya umma.

Kuna pia wanaogawa kwa hisia ya deni. Hakuna mwanamuziki aliyeanza peke yake. Kila mmoja aliokota mdundo kwa huyu, namna ya kupiga nyuzi kwa yule, na hakumlipa mtu. Kuwaachia wengine njia ile ile naona ni jambo la heshima, nalo halihitaji kuthibitishwa kwa mapato.

Bure ya kuamua na bure ya kuporwa

Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilirekodi wimbo uitwao Amen, Brother. Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman alibaki peke yake kwa sekunde chache, si zaidi ya kumi. Miaka ya 1980 maprodyuza wakakikata kipande hicho, na tangu hapo kimetumika katika maelfu ya nyimbo. Mitindo mizima kama jungle, muziki wa dansi wa kielektroniki, imejengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata chochote kutokana nacho. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia kiongozi wa kundi, Richard Spencer, pauni 24,000, nayo ilikuwa michango ya hiari tu.

Simulizi hii hutajwa wakati mwingine kuonyesha uzuri wa muziki ulio huru, na ni kweli kwamba ulimwengu ulipata muziki mwingi. Lakini Coleman hakugawa. Hakuulizwa. Nahimiza wanamuziki wagawe kazi zao, na kwa nguvu hiyo hiyo napinga mtu mwingine kuwaamulia. Waandaaji wa maonyesho wanaomwambia msanii "hatuna malipo ila utajulikana", huku wao wakikusanya viingilio, wanatumia neno bure kwa mali isiyo yao. Jukwaa ndicho kile kisichonakilika. Akiligawa hilo nalo, hakubaki na cha kuuza.

Hata msikilizaji ana haki ya kukataa zawadi. Septemba 2014 albamu mpya ya U2 iliingizwa kwenye maktaba za iTunes za watu wapatao milioni 500 bila wao kuomba. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi Apple ikalazimika kuweka njia ya kuifuta.

Kabla ya kugawa, basi, kuna maswali ya kumaliza. Prodyuza aliyetengeneza biti ana sehemu gani? Mwenzako uliyefanya naye kolabo amekubali? Kuna kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mtu mwingine? Mmoja wao akisema hapana, leseni uliyoweka haina miguu ya kusimamia.

Swali linalosahaulika zaidi ni la vyama vya kukusanya mirabaha. Vyama hivi vilianzia Paris, ambako mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alisikia kazi yake ikipigwa mkahawani, akakataa kulipia kinywaji chake hadi naye alipwe. Mahakama ilimuunga mkono, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha cha Ufaransa. Ili kuwa na nguvu mbele ya redio na kumbi, vyama vingi vya aina hii humtaka mwanachama akabidhi haki za nyimbo zake zote. Matokeo yake, mwanachama anaweza kukuta hana tena uwezo wa kuruhusu wimbo wake mwenyewe utumike bure. Baadhi vimelegeza: Buma/Stemra ya Uholanzi ilianza majaribio ya kuwaruhusu wanachama watumie leseni zisizo za kibiashara mwaka 2007, na SACEM ikafuata mwaka 2012. Usome mkataba wako kabla ya kubofya chochote.

Na leseni za Creative Commons hazirudishwi. Unaweza kuacha kuutoa wimbo, lakini aliyekwisha kuupokea anaendelea kuwa na ruhusa uliyompa. Kwa anayeanza, ni salama zaidi kuachia wimbo mmoja au miwili kwa masharti makali, aone unakwenda wapi, kisha alegeze. Kulegeza kunawezekana siku yoyote, kukaza ni vigumu. Hata pasipo leseni rasmi, mashabiki hukumbuka walichoahidiwa. Novemba 2005 maelfu ya maonyesho ya Grateful Dead yalikuwa yakipakuliwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, na ghafla upakuaji ukasimamishwa kwa ombi la upande wa bendi. Mashabiki waliokuwa wamebadilishana kanda kwa miongo miwili walikuja juu, na katika siku chache yakapatikana maafikiano: rekodi walizonasa mashabiki wenyewe zikarudi kupakuliwa, na zile zilizotoka kwenye mitambo ya bendi zikawa za kusikiliza tu.